Baba Hapandi Pipani Mwaka Huu

Heiakker, Brabant
Januari, Jumapili baada ya misa

Kaka yangu Huub,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi yangu Annelot na watoto, na kwamba lile goti ulilokuwa ukililalamikia Desemba limepata nafuu. Huku tunaendelea, wengine vizuri kuliko wengine. Baridi imeshika. Mfereji wa nyuma ya nyumba umeganda, na bata wanatembea pale walipozoea kuogelea. Kila mmoja anateleza na kujifanya hakuteleza. Shangazi Riek anakusalimu sana na anauliza kama zile soksi alizokufumia unazivaa au umempa mbwa. Baba hakunituma salamu. Hakukataa, hakusema tu, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Nimekusalimu kwanza kwa sababu mtu haanzi ugomvi kabla ya kujuliana hali. Lakini ugomvi upo, Huub, usidanganyike na soksi. Nina hasira nawe, na kubwa. Tangu Alhamisi nimeshika simu mara kadhaa nikaiweka chini, maana kwenye simu wewe ni fundi: unasema "ngoja kidogo, Berdien", unapiga funda la kahawa, na ukirudi mimi nimeshapoa na tunazungumzia hali ya hewa. Barua huwezi kuikatiza. Isome mpaka mwisho, na kama uko ofisini funga mlango.

Baba hapandi pipani mwaka huu.

Sjaak wa kamati ya kanivali alikuja mwenyewe wiki iliyopita kumbembeleza. Unajua jinsi mambo yalivyo hapa: ukumbi ukishajaa na bia ikishamwagwa, watu hawamngoji mwingine ila Driek van Gestel, ndani ya lile pipa jukwaani, tumbo limefichwa na kichwa nje, aiseme kwa mizaha Heiakker nzima, kuanzia padri na meya hadi wizara yako. Tangu tukiwa watoto hajakosa hata mwaka aliozikwa Mama. Mwaka ule alipanda akamsema Mama mwenyewe, jinsi alivyokuwa akificha kopo la biskuti baada ya kila mtu kuchukua moja, na ukumbi ukacheka huku ukilia. Sjaak akamwambia, "Driek, bila wewe lile ni pipa tu, tutie matango ya siki." Baba akatikisa kichwa. Sjaak akasema basi aje dakika chache tu, amseme Sjaak mwenyewe na talaka yake, ruhusa anayo. Baba akamfungulia mlango atoke.

Si kwamba amekuwa bubu. Anasema "chumvi", anasema "asante", anasema "kuna mtu mlangoni". Zaidi ya hapo hasemi. Kwenye kahawa ya wazee ya Jumatano haendi tena. Shangazi Riek alimjia juu akamwambia kwamba miaka yote amekuwa akimwomba Mungu ampunguze kaka yake maneno, lakini hakuomba ayamalize. Ndipo Baba alipomjibu, na Shangazi akaja jikoni kunisimulia akifuta macho. Alisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kwamba yeye amejikwaa ulimi mbele ya mgeni akamwangusha binti yake, basi ulimi huo umetosha.

Sasa turudi nyuma. Sehemu ya kwanza ya habari hii unaijua kuliko mimi, lakini uliitazama ukiwa mezani kwenu. Nataka uitazame ukiwa upande wa huku.

Mwaka mzima ninyi wa wizarani huko The Hague mmekuwa mkivutana na rafiki zenu. Wamarekani walitaka tufunge kila kitu kwa Wachina: mashine mpya za kuchapa chipu za kompyuta, mashine kuukuu tulizowauzia zamani kwa halali, vipuri, hata mafundi wa kuzitengeneza. Ninyi mkasema mashine zimetengenezwa Uholanzi na uamuzi ni wa Uholanzi. Wajapani wakasema watafunga Waholanzi wakifunga. Ninyi mkasema mtafunga Wajapani wakifunga. Baba aliwasema pipani mwaka jana: kwamba mmesimama wote mlangoni mkiambiana "tangulia wewe", "hapana, tangulia wewe", na mwenye kuwasukuma yuko nyuma ameshika kofia zenu. Na akasema Marekani ni rafiki mkubwa sana, ila akikukumbatia, ukitoka hapo hesabu mbavu zako. Ulikuwa umekaa mstari wa mbele. Ulicheka mpaka ukavua miwani.

Mimi kazi yangu unaijua. Siuzi, sipangi bei, sitii saini. Nafungua mashine, naona kinachoiuma, naifunga. Miaka mingi nimekwenda Hefei, Uchina, kwenye kiwanda kile kile, na upande wao mwenyeji wangu ni Qiu Lan, mwanamke wa umri wangu, mkali kwa vumbi kuliko Mama alivyokuwa. Mashine yao ya zamani ilianza kuchapa mistari iliyopinda tangu kiangazi. Wakubwa wake walitaka mafundi wao wajaribu wenyewe kuifungua. Qiu Lan akawazuia. Aliwaambia wangoje, Waholanzi wameahidi kuitunza mashine hii na Waholanzi wakiahidi wanakuja. Alijifunga kwa neno letu, Huub, na neno hilo nilikuwa nimempa mimi.

Kibali kilikuwepo, kimetoka wizarani kwenu, bado kina miezi mbele yake. Hata hivyo nilikupigia simu. Nilikuuliza kama ndugu, sikukuuliza kama serikali: niende au nisiende, maana magazeti yanatisha. Ukaniambia niende kwa amani. Ulisema kibali ni kibali, na kwamba Uholanzi si nchi ya kubadili neno kati ya kahawa na chakula cha mchana. Nilikuamini, nikaenda kufunga begi.

Halafu ikaja siku ya Baba kutimiza miaka themanini. Viti vilipangwa duara sebuleni, ukoo mzima magoti yakigusana, kila mmoja na kipande chake cha pai ya cheri pajani. Ukaingia na mgeni. Ulisema ni Bwana Pruitt wa ubalozi wa Marekani, kwamba mnaonana sana kazini, yuko peke yake nchini na aliwahi kukuomba siku moja aone nyumba ya Kibrabanti. Maskini yule mtu alizungushwa duara lote akishikwa mkono na kupewa hongera, hongera kwa Driek, hongera kwa Driek, mpaka akamnong'oneza Shangazi Riek kwamba yeye hajafanya lolote la kupongezwa. Shangazi akamwambia humu hata paka anapongezwa, aketi ale.

Tukamkalisha karibu na Baba. Na Baba siku ile alikuwa amechanua. Akamwuliza Mmarekani kama ndiye yeye anayetaka kumfungia binti yake kazi. Pruitt akasema kwa Kiholanzi chake cha kuchechemea kwamba yeye ni karani tu. Baba akamwambia, "Basi andika, karani. Huyu Berdien wangu kesho anapanda ndege kwenda Hefei, akaifufue mashine mnayoiombea ife. Anaifungua mwenyewe mpaka kwenye utumbo. Wewe na mkubwa wako mkifika pale mtajua hata pa kushika?" Duara zima likacheka. Mimi pia nilicheka, maana nilijiona mtu. Pruitt hakucheka. Aliitazama pai yake na hakuigusa tena. Na wewe uliinuka ukachukua birika ukaanza kuwamiminia watu kahawa, jambo ambalo hujawahi kulifanya tangu uzaliwe katika nyumba hii. Nikasema moyoni, leo The Hague imemtia kaka yangu adabu.

Wengine wangejua kufunga mdomo mbele ya mgeni wa serikali. Sisi hata mapazia hatuvuti, mpita njia anaona tunachokula na tunayegombana naye. Kusema wazi ndiyo fahari yetu, na wala Baba hakufikiri kuna siri. Safari ilikuwa halali. Siri ya nini?

Nilipofika Hefei tulifanya kazi vizuri. Tuliifungua mashine, tukaitoa ile sehemu ya vioo, tukaiweka kwenye meza yake na kuifunika. Unapofikia hapo, kaka, huwezi kuondoka. Mashine iliyo wazi hivyo inaharibika yenyewe, kwa joto la watu tu na kwa pumzi ya chumba, na kuifunga kuna mpangilio wake. Ukikosea hatua moja ni heri ungeiacha wazi. Ndipo nilipoitwa kwenye simu ya ukutani. Alikuwa Maurits, mkuu wangu. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesomewa na mwanasheria begani. Alisema kibali kimeondolewa, tangu sasa hivi. Niweke zana chini nitoke. Nikamwambia mashine iko wazi. Akasema anajua. Nikamwomba siku za kuifunga tu. Akasema kufunga ni huduma. Nikamwuliza je, nikisimama pembeni niwaelekeze wenyewe? Akasema kuelekeza ni msaada wa kitaalamu, hata kunyoosha kidole ni msaada wa kitaalamu, na kwamba nisimwulize tena kwa sababu simu inasikilizwa.

Humo ndani tunavaa suti nyeupe mpaka usoni, kinachoonekana ni macho tu. Suti zenyewe hazina mifuko. Nilirudi nikasimama mbele ya Qiu Lan nikaishika mikono yangu nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeiba, nisije nikanyoosha kidole. Nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: kati ya vioo na ile fremu yake, kipi kinatangulia kurudi. Ni swali la kujibiwa kwa neno moja. Nikanyamaza. Akasema, "Dada Berdien, daktari hatoki chumbani mgonjwa akiwa amepasuliwa." Nikatoka. Sijui kama nimewahi kufanya jambo baya kuliko lile, na nililifanya kwa kutii sheria.

Wakajaribu kuifunga wenyewe. Imekufa. Nimesikia kwa fundi mwingine kwamba Qiu Lan ameondolewa, kwamba wakubwa wake walimwuliza mbele ya watu, hao Waholanzi wako wako wapi. Nimemwandikia, hajibu. Nami nisingejibu.

Usinitumie ile hotuba ya usalama. Naijua, na sehemu yake naikubali. Mimi si mtoto. Wanasema chipu za kiwanda kile ni za mashine za kufulia na breki za magari, lakini sijui zote zinaishia wapi, na huenda nyingine zinaishia kwenye kichwa cha kombora. Kama mngeniambia mapema kwamba basi, hatuendi tena, ningetukana, ningeparamia baiskeli nikaizunguke Heiakker mara mbili, halafu ningekaa nyumbani. Nchi ina haki ya kufunga mlango wake. Lakini hamkufunga mlango. Mliubana mkono wangu ukiwa mlangoni.

Niliporudi, kiwandani walinihurumia. Wamenipa kazi ya kufundisha wanagenzi kwenye mashine ya mfano isiyowashwa. Maurits anapishana nami kwenye ukumbi akitazama viatu. Nyumbani watu wakaanza kuuliza lile swali: walijuaje? Vibali vipo vingi, mafundi wanasafiri kila wiki, kwa nini safari hii, kwa nini wiki ile? Mimi nilisema bahati mbaya. Lakini Baba akakumbuka duara, akakumbuka karani aliyeambiwa aandike, na kuanzia hapo nilimwona akipungua.

Desemba ulikuja na zawadi za watoto. Baba alikungoja mpaka mmebaki wawili sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi na mlango ulikuwa wazi. Alikuuliza, "Huub, wewe uko huko, wewe unajua. Ni mimi? Ni mdomo wangu ulioniponzea mtoto?" Ukamjibu, "Yaliyopita yamepita, Baba. Tusitafute mchawi." Mimi na kisu changu nikadhani nimesikia wema. Nikadhani unajua kwamba ni yeye, na unamsitiri. Na yeye alidhani hivyo hivyo. Tangu jioni ile ndipo aliponyamaza.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike.

Alhamisi hii Bwana Pruitt alikuja. Amemaliza muda wake anarudi kwao, na alileta chupa ya kinywaji ya kumuaga Baba, kwa treni na basi, peke yake kwenye baridi hii. Baba akampa mkono, akasema asante, akaenda zake uani kwa njiwa wake. Mgeni akabaki na chupa mkononi. Akaniuliza kama mzee anaumwa. Huub, nilimpasukia. Nilimwambia amekula kwenye nyumba yetu, amepewa hongera na ukoo mzima, halafu amekwenda kumwuza mzee wa miaka themanini kwa maneno ya sherehe, na mzee huyo sasa hataki hata kumsema padri. Nilimwambia nchi yake haina rafiki, ina watumishi. Nilimwambia mengine ambayo siandiki.

Aliingoja hasira yangu mpaka ikatua. Kisha akaiweka chupa mezani akasema, "Dada, mimi nilijua Alhamisi."

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, akitafuta maneno. Sherehe ilikuwa Jumapili. Alhamisi iliyotangulia walikuwa na kikao na ninyi huko The Hague, na kikao kilikwama. Wao walitaka safari zote za mafundi zikome. Ninyi mkagoma, sauti zikapanda, mtu akagonga meza. Wakaachana kwa mapumziko ya kahawa. Na hapo kwenye kahawa mtu mmoja wa upande wetu akawafuata Wamarekani, akasema ipo safari moja, Hefei, wiki ijayo, kibali chake kinaweza kuondolewa fundi akiwa kazini ili kila mtu aone kwamba Uholanzi haitanii. Na kwa ishara hiyo wao watuachie safari nyingine, angalau kwa sasa. Wakakubali. Kikao kikaisha kwa kupeana mikono.

Nikamwuliza nani. Akasema yeye ni mtumishi wa serikali na jina hawezi kulitaja. Nikamwuliza kama ni kaka yangu. Alisema tu kwamba siku ya sherehe alikuja akiamini mimi najua, kwamba tumekubaliana kama familia nibebe mzigo huo kwa ajili ya wenzangu, na alitaka kuniona kwa heshima. Ila alipomsikia mzee akijivunia safari ile, akaniona na mimi nikicheka, ndipo alipofahamu kwamba hatujui, na pai ikamshinda. Kisha akaniomba radhi. Mgeni ndiye aliyeona haya, Huub. Aliona haya kwa niaba yako, jikoni kwetu, kofia mkononi.

Hefei nilikutajia wewe, kwenye simu, nikikuuliza kama ndugu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekifungia vifungo kisipate baridi.

Nimejaribu kukutetea, nakuapia. Nimejiambia ulitoa safari moja ukaokoa nyingi, na kweli wenzangu bado wanasafiri. Ulihitaji kafara na wa karibu ndiye rahisi kumshika. Nimejiambia kikao ni siri, kiapo kilikufunga mdomo. Sawa. Nakupa hilo lote. Kiapo kilikufunga Alhamisi ile. Kilikufunga Jumapili, ulipozunguka duara na birika. Kilikufunga niliposhuka ndege. Je, Desemba kilikufunga nini? Mzee alikuuliza kama ni yeye. Hukutakiwa kutoa siri ya nchi. Ulitakiwa kusema "si wewe, Baba", ukanyamaza hapo, na hakuna Mmarekani wala Mjapani ambaye angedhurika. Mimi umenitoa kafara kwa ajili ya kazi yako na labda siku moja nitakusamehe, maana kazi ni kazi. Lakini Baba ulimwachia zigo lako mgongoni, ukavaa koti, ukarudi The Hague ukilalamikia goti.

Na bado sijafika mwisho.

Jana nilimwambia. Sikutaka kukungoja. Nilimfuata uani akiwa na njiwa mkononi, nikamwambia kila kitu, Alhamisi na Jumapili, kahawa na ishara. Nilidhani nimemletea dawa. Nilitaka nimwone akivuta pumzi, kisha akutukane kwa lile kombora la matusi yake ya pipani, nami nimsaidie.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye si mzito, unamjua; nilimwona akizipanga zile siku kichwani, na nilimwona alipomaliza kuzipanga, kwa sababu mkono uliokuwa ukimpapasa njiwa ulisimama. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyosema tangu Desemba. Akasema Mmarekani anasema uongo. Nikamwambia Mmarekani anayeondoka ana faida gani ya kuongopa. Akasema, "Basi nilisema mapema zaidi. Nilisema Jumatano, kwenye kahawa ya wazee. Ndiyo, nakumbuka sasa, nilijisifu pale, kuna watu wana masikio. Imetoka hapo. Na wewe usilitaje jina la kaka yako namna hiyo tena katika nyumba yangu."

Huub, Jumatano ile Baba hakwenda kokote. Alikuwa kitandani na homa, Shangazi Riek alimpikia supu ya njegere na akaimwaga nusu kwenye shuka. Tulikuwa tunaogopa hataweza kuamka kwa sherehe yake. Yeye mwenyewe anajua hakwenda.

Anajua, basi. Tangu jana anajua vizuri kama mimi. Mwanzoni alinyamaza kwa kudhani amekosa, na hilo ningeweza kulitibu kwa ukweli. Sasa ananyamaza kwa kukulinda. Mtu ambaye maisha yake yote hakumwachia padri wala meya, akamsema hata mkewe kaburini, amejitungia kosa kwenye siku aliyokuwa mgonjwa, ili asiwe na mwana aliyefanya ulichofanya. Nami siwezi kumvua uongo huo. Nikiuvuta anaung'ang'ania. Mwenye uwezo wa kumtua ni wewe peke yako, kwa mdomo wako, ukiwa mbele yake.

Sikuombi uniombe radhi. Ya kwangu yatangoja, na ya Qiu Lan sijui nani atayalipa. Sijali kama kanivali itapita bila yeye. Sjaak atapata mpumbavu mwingine. Baba ana miaka themanini, na sitaki azikwe na kosa lako kifuani akidhani ndio upendo.

Njoo Jumamosi. Usije na watoto, usije na zawadi, usije na mgeni. Nitakupokea stesheni, ila njiani tusizungumze. Maneno yako yatunze, yote ni ya Baba.

Msalimie Annelot, mwambie ile sufuria yake kubwa bado iko kwetu na haijasahauliwa. Wabusu watoto. Shangazi Riek anasema kama soksi zimetoboka uzilete, atazishona. Yeye bado hajui, na kama ajue au asijue utaamua wewe.

Mimi dada yako, ambaye bado ni dada yako,

Berdien